Mkoba wa Kiunoni Siku ya Pembea: Unavyosumbua na Namna ya Kuutuliza

Idi ikikaribia, watu hununua mikoba ya kiunoni. Idi ikimalizika, wengine huipeleka kwa fundi. Malalamiko nayo ni yaleyale: umeteremka, umefunguka, umeng'ang'ania, umenichubua. Hapa yamepangwa kwa dalili. Tafuta inayokukuta, kisha fuata sababu kwa mpango wake, maana iliyotangulia ndiyo inayotokea zaidi. Usikimbilie kufumua mshono wakati hujajaribu hata kupunguza mzigo.

Nimewafikiria khasa wanaowapeleka watoto kwenye kiwanja cha pembea cha Kariakoo hapa Unguja au kile cha Tibirinzi, Chake Chake, Pemba, pamoja na wanaovuka kwa boti hadi Dar es Salaam kwenda kucheza na maji Kunduchi.

Mkoba unateremka, au unazunguka hadi mgongoni

Kwanza shuku uzito. Mkoba huu umeshonwa uchukue simu, pesa, funguo na leso. Mama mwenye watoto watatu hutia humo chupa ya maji, tishu, pawabenki, chenji za sarafu za 200 na 500, na ikifika saa kumi na moja jioni, kiatu cha yule mdogo aliyechoka kukivaa. Mkanda hauwezi kushinda mzigo huo. Mwaga vyote kitandani kabla ya kutoka. Kilicho kizito kuliko simu kitafutiwe mfuko mwingine, na maji abebe baba.

Ukiwa mwepesi na bado unateremka, tazama mkanda. Uvae, ukaze, kisha utie alama ya kalamu pale unapotokeza kwenye kile kipande cha plastiki cha kurefushia. Tembea mpaka dukani urudi. Alama ikiwa imehama, mkanda unateleza wenyewe. Aghalabu umepitishwa vibaya: yapasa uingie tundu la kwanza kutoka chini, uvuke juu ya kijiti cha kati, uzame tundu la pili. Ukiwa umepita sawasawa na bado unateleza, basi ni mkanda mwembamba wa bei rahisi. Kata pete ya mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, uivishe kwenye mkanda karibu na kile kipande. Ncha ya mkanda nayo ikunjwe mara mbili na kushonwa, ili hata ukiteleza usichomoke wote.

Sababu ya tatu ni nguo iliyo chini, na hii wauzaji hawakwambii. Baibui la kitambaa laini halishiki kitu. Ukivaa mkoba juu yake utauona umefika mgongoni kabla hujamaliza foleni ya tiketi. Ukiuvaa ndani ya baibui hautelezi, lakini kila ukitaka shilingi mia tano itabidi ujifunue mbele za watu. Kwa wanaume, kanzu hupanda na kujikusanya chini ya mkanda, na mtu aliyetoka kuswali Idi akiwa nadhifu huonekana amejifunga kwenda kuvua. Mimi nasema waziwazi: mwenye baibui na mwenye kanzu waache kiuno. Mkanda urefushwe, upite begani, mkoba ukae kifuani upande wa moyo, na mtandio ufunike mkanda. Kiunoni ni kwa mwenye suruali au sketi yenye kitambaa kigumu, na hapo pia mkanda ukae juu ya mfupa wa nyonga, si juu ya tumbo.

Mwisho kabisa, na ni nadra, huwa mshono umeachia pale mkanda unaposhikana na mkoba. Vuta kwa nguvu pande zote mbili. Ukiona uzi umekatika, hata mmoja, usiende nao kiwanjani. Mpelekee fundi viatu, si mshona magauni, kwa kuwa wa viatu anao uzi mnene wa nailoni na sindano ya kuupitisha.

Zipu imekwama

Acha kuvuta. Zipu nyingi hufa kwa kuvutwa, si kwa kukwama.

Kwanza chungulia ndani. Mara nyingi bitana, yaani kile kitambaa chepesi cha ndani, imeumwa na kichwa cha zipu. Shika kitambaa chenyewe ukivute pembeni polepole, huku mkono wa pili ukirudisha kichwa kilikotoka. Kikitoka, bitana ipigwe mishono miwili mitatu ya mkono ili ikae mbali na meno.

Kama hakuna kilichoumwa, onja. Sitanii. Ukisikia utamu, ni ubuyu. Mtoto amelamba punje, mkono umejaa rangi nyekundu na sukari, kisha ametumbukiza mkono huo mkobani kutafuta tishu. Sukari ikikauka kwenye meno ya zipu hushika barabara. Malai yaliyoyeyuka na juisi ya muwa hufanya vivyo hivyo. Chukua maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, usugue meno pande zote mbili, usuuze, ukaushe. Kisha pitisha mshumaa mkavu juu ya meno na ufungue na kufunga mara kadhaa.

Watu wengi hupaka mafuta ya nazi au ya kujipaka. Siku hiyo zipu huteleza kwa raha, kisha vumbi la kiwanja hugandia mafuta na wiki inayofuata hali ni mbaya zaidi. Mshumaa unatosha.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye chuma, hiyo ni kazi ya chumvi. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari, na mkoba uliokwenda ufukweni ukawekwa kabatini bila kusuuzwa huliwa taratibu. Suuza kwa maji baridi, sugua kwa mswaki, kausha, paka mshumaa. Kichwa kikiwa kimeliwa mpaka kimepata mashimo, kibadilishwe.

Zipu inafunga, lakini inaachana nyuma ya kichwa

Hapa meno huwa mazima. Tatizo ni kichwa kilichopanuka midomo kwa sababu mkoba ulikuwa ukifungwa kwa nguvu ukiwa umejaa. Rudisha kichwa mwanzo wa zipu. Chukua plaizi ndogo, ubane kidogo ukingo wa nyuma wa kichwa, kushoto kisha kulia, halafu ujaribu. Bana kidogo tena ikihitajika. Usibane kwa pupa, kwani vichwa vingi ni aloi ya zinki, na chuma hicho hakipindi sana, hukatika.

Kikikatika, si mwisho wa mkoba. Geuza kichwa utazame mgongoni mwake. Mara nyingi pana namba, kama 3 au 5, ambayo ndiyo saizi. Mpe fundi namba hiyo naye atafumua ncha ya zipu, atie kichwa kipya cha saizi ileile na kushona tena. Ila meno yakiwa yameng'oka katikati ya njia, zipu nzima ibadilishwe, na ujipime kama gharama hiyo haikaribii bei ya mkoba mpya.

Klipu ya mkanda inafunguka yenyewe

Jaribio la kwanza halihitaji chochote: ifunge usikilize. Isipolia "ta", haijafunga, hata kama inaonekana imefunga. Ikishalia, ivute. Wengi huifunga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto, na upande mmoja tu ndio unaoingia.

Ikiwa hailii, piga nje ya klipu kwenye kiganja. Mchanga ukidondoka, umepata jibu. Isuuze kwa maji, usitie mafuta.

Ikilia lakini inaachia ukivuta, tazama zile pembe mbili za upande dume. Moja ikiwa imepasuka au imepauka na kuwa na nyufa nyembamba, plastiki imechoka kwa jua. Hakuna gundi ya kuirudisha. Nunua nyingine yenye upana sawa na mkanda. Pima kwa rula kabla hujaenda, kwa sababu 20 mm na 25 mm zinafanana sana ukizitazama dukani.

Kufunga fundo badala ya klipu kunakubalika njiani kwenye daladala. Kiwanjani hapana, na sababu yake inafuata.

Chuma cha mapajani hakifungi vizuri, au mkanda umenasa kwenye pembea

Hapa soma bila haraka. Dalili nyingine zote humalizikia kwa hasara ya pesa. Hii inaweza kumalizikia hospitali.

Sababu ya kwanza ni kupanda na mkoba tumboni. Kile chuma kinachoteremshwa mapajani kimewekwa kiushike mwili. Kikikuta mkoba, hushika mkoba. Umekaa, chuma kimegusa, unajiona umebanwa. Pembea ikianza kupanda na kushuka, mkoba hubonyea na kuhama, na pale ulipokuwa hubaki nafasi. Nafasi hiyo kwa mtu mzima ni kuumia kiuno. Kwa mtoto mwembamba ni kuchomoka. Msimamizi akikwambia vua, usimwombe asukume chuma kwa nguvu zaidi. Vua. Na kama hakukwambia, vua vilevile.

Sababu ya pili ni mkia wa mkanda, ile ncha ndefu inayoning'inia baada ya kukaza. Kwenye viti vya minyororo, vigari na treni ya watoto, ncha hiyo hutafuta pa kuingia: kwenye bawaba, kwenye gurudumu, kwenye kiti cha jirani. Hata kama mkoba umeuacha chini, tazama mikanda ya aina nyingine uliyobaki nayo, pamoja na ncha za mtandio.

Sababu ya tatu ni mtoto kuvishwa mkoba shingoni au begani akipanda mtelezo. Mkanda hunasa juu kwenye ukingo, mwili unateremka, na shingo ndiyo inayobaki imeshikiliwa. Mtoto asiingie kwenye mtelezo wala kwenye ngazi za kupandia akiwa na mkoba wowote. Hapa sina masharti ya umri.

Ikinasa, fanya hivi. Usivute, maana ukivuta unakaza. Piga kelele msimamizi asimamishe mashine. Kama mkono wako unafikia klipu na pembea haijaenda kasi, ifungue uuachie mkoba uende zake. Ndiyo sababu fundo halifai, kwani halifunguki kwa kidole kimoja. Mashine ikishasimama, usiinuke na usiingize mkono kwenye gia au mnyororo kutafuta simu yako. Kazi hiyo ni ya msimamizi, naye azime umeme kwanza. Mtu aliyebanwa shingo, aliyepoteza fahamu hata kidogo au anayelalamika shingo au mgongo asibebwe kienyeji. Mwacheni palepale, msimsogeze, iitwe huduma ya kwanza na gari la wagonjwa.

Viwanja vikubwa vya nje havina mjadala juu ya jambo hili. Kule Universal, Orlando, Marekani, kwenye baadhi ya treni zao za kasi mgeni huacha mkoba kwenye kabati kisha hupitishwa kwenye mashine ya kugundua vyuma kabla ya kupanda. Kwetu kabati huenda lisiwepo, kwa hiyo kila familia ichague mtu mmoja asiyepanda, akae kivulini na mikoba. Kwa kawaida ni bibi. Bibi naye ana haki ya malai yake, mnunulieni kabla hamjamwachia mzigo.

Kiuno kinawasha, kimechubuka, au paja limekufa ganzi

Kuwasha na vipele vidogo vyekundu ni joto na jasho. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, jasho halikauki chini ya mkanda wa nailoni. Vua mkoba, osha kwa maji baridi, kausha kwa kupangusa taratibu, uvae juu ya nguo ya pamba na si juu ya ngozi. Usipake unga wa poda juu ya jasho; hugeuka uji unaosugua.

Michubuko ya mstari mmoja hutokana na ukingo mkali wa mkanda. Geuza mkanda uone kama umekatwa kwa mkasi na ncha za nyuzi zimekuwa ngumu. Kipande cha kanga kuukuu kikishonwa juu yake kinatosha.

Vipele vikifuata umbo la klipu au la chuma barabara, huenda ngozi yako haipatani na kitu hicho. Badilisha, usishindane nacho. Kidonda kikianza kutoa usaha, au mwenye kidonda ana kisukari, aende kituo cha afya. Asingoje sikukuu iishe.

Ganzi ni habari nyingine. Karibu na mfupa wa nyonga hupita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ngozi ya nje ya paja. Mkanda uliokazwa sana huubana, na mtu husikia ganzi, kuchomachoma au moto upande huo. Wajawazito na wenye matumbo makubwa hupatwa zaidi. Legeza, au hamishia mkoba begani, na kwa wengi hali hutulia. Mshipa huo hubeba hisia tu, haubebi nguvu. Kwa hiyo mguu ukilegea, ukishindwa kuinuka, ganzi ikipanda kwenye kinena au haja ikikutoka bila kujua, mkoba hauhusiki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mkoba una joto, simu imejizima

Apple huandika kwamba simu zake zitumike kwenye joto la hewa la nyuzi 0 hadi 35. Ndani ya mkoba mweusi juani saa saba mchana, huku pawabenki ikichaji pembeni yake, kiwango hicho hupitwa upesi. Sababu ya kawaida ndiyo hiyo: kuchaji ndani ya mkoba uliofungwa. Chomoa waya, toa simu, iweke kivulini ipoe yenyewe. Usiiweke kwenye barafu la muuza juisi, maana unyevu huingia ndani.

Pawabenki ikiwa ya moto wakati haichaji chochote, imevimba, inanuka kama rangi ya kucha au inatoa sauti ya kuchemka, hapo hakuna la kuchunguza. Fungua klipu, weka mkoba chini kwenye mchanga au saruji mbali na watu, waambie walinzi, na wao waite zimamoto. Usiitoboe, usiirudishe mfukoni, wala usipande nayo daladala au boti kuirejesha ulikoinunua.

Mkoba umefungwa, pesa hazimo

Kabla hujamtazama vibaya kijana aliyesimama nyuma yako, tafuta mfuko wa pili wa mkoba, kisha mfuko wa baba watoto. Baada ya hapo rudi ulipotoa simu mara ya mwisho kupiga picha. Noti iliyokunjwa pamoja na simu hutoka nayo, na mtu anayetazama kioo haoni inapoanguka. Ndiyo maana simu na pesa zisilale chumba kimoja.

Sababu ya pili ni mkoba kuwa mgongoni. Mgongoni si mahali pa pesa kwenye umati wa Idi pili. Tia kipete kidogo cha funguo kishike vichwa viwili vya zipu pamoja. Hakimzuii mwizi, kinamchelewesha. Noti za 10,000 zirudi zilikokaa tangu zama za mabibi, kibindoni, chini ya nguo, na mkobani zibaki za 1,000 na 2,000 za tiketi.

Ukikuta mkoba umekatwa kwa wembe, usimfukuze mtu. Ripoti kwa walinzi na polisi. Kama simu imekwenda, azima ya mwenzio upigie kampuni ya laini yako wafunge laini na akaunti ya pesa. Hilo litangulie hata kabla ya kulia.

Umelowa, unanuka, unabanduka

Waliotoka Kunduchi, au walionyeshewa na masika, huufunga mkoba ukiwa mbichi na kuufungua nyumbani ukinuka uvundo. Toa kila kitu, geuza bitana nje, suuza kwa maji baridi kuondoa klorini au chumvi, uanike kivulini penye upepo, zipu wazi. Jua kali hupausha rangi na kuichosha klipu.

Kuhusu mikoba isemwayo haipitishi maji: mingi huhimili manyunyu, sio kuzamishwa. Jaribu nyumbani kwa kutia tishu kavu ndani na kuuzamisha kwenye beseni kabla hujaiamini na simu.

Tabaka la ndani likianza kunata na kumenyuka kama vigamba, au ngozi bandia ya nje ikipukutika na kuchafua kanzu, ni poliurethani iliyooza kwa joto na unyevu wa hewa yetu. Hata mkoba uliokaa kabatini bila kuvaliwa hupatwa. Kupaka rangi ya viatu juu yake ni kuhamishia uchafu kwenye nguo. Mkoba uliofika hapo hauna fundi: kata klipu, chomoa kichwa cha zipu, uviweke kwenye kopo kwa ajili ya utakaofuata.